Siku Mwalimu Alipita Mutoni

Dada yangu mupenzi Mama Sifa,

Jambo sana toka huku Walikale. Muko wazima kule Masisi? Na ule mugongo wako, unakuacha ulale? Sisi tuko. Mvua njo inatumaliza, lakini tunakula, tunashiba.

Barua yako ilifika. Unasema kama wakimupiga mutoto wako Sifa fimbo tena kwa masomo ya huku kwangu, unatuma kaka yake aje kumuchukua, achunge mbuzi, masomo si ya muntu wa muguu kilema. Ngoja kwanza, dada, nikuelezee!

Hapa mutoni tunapita juu ya muti moja tu, muti wa kuangushwa. Batoto bengine banakimbia juu yake kama panya. Sifa, na ule muguu, anaikaa, anajivuta na matako polepole. Anafika kwa masomo ngoma imekwisha kulia, na nguo iko chafu. Basi mwalimu anamupiga mbili za kuchelewa, mbili za uchafu. Kila siku ya mvua!

Mimi unajua kinywa changu. Nikaeleza bamama bote ba sokoni. Kiisha nikaenda kwa mwalimu: "Papa mwalimu, kuja uone njia ya mutoto." Akakuja, na viatu vyake vya kungaa. Bamama walikuwa tayari kule, eti wanachota maji!

Mwalimu akaweka muguu juu ya muti: ikateleza. Akaweka ingine: ikateleza. Kiisha akaikaa, dada! Akajivuta na matako mupaka ngambo. Jirani yangu akamuita: "Papa mwalimu, suruali iko chafu! Utapigwa ngapi?" Tulicheka, mutungi moja ikapasuka.

Yeye hakucheka. Akamuuliza Sifa, alikuwa amesimama kati ya bamama: "Kila siku unapita hivi?"

"Ndiyo, mwalimu. Na kitabu mu meno."

Kesho yake akasema mbele ya batoto bote: mwenye kilema hapigwi tena juu ya kuchelewa ao uchafu, sharti aulizwe kwanza. Na kuko mutoto mwengine wa masikio mazito, alikuwa anapigwa bule juu ya kutoitika, sasa anaikaa mbele. Batoto bakubwa wamefunga miti ya kushika kule mutoni.

Salimia Papa Sifa, na mama yetu muzee, na shangazi wa kule kilimani. Kaka wa Sifa naye umusalimie, lakini asichoshe miguu kuja huku.

Juu ya barua yako, dada, mwandiko wa mukatekista wenu, ule mufundishaji wa dini mwenye anakuandikia, ulinishinda, ni Sifa alinisomea. Alipofika pale pa mbuzi alisoma kwa sauti kubwa, hakuruka hata neno moja.

Ni mimi mudogo wako,
Mama Riziki, kinywa bila mulango