Katuni ya Mlango wa Choo

Nyumba ya Walimu Na. 4,
S.L.P. 61.
Jumapili, 12 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na Baba Mdogo, bado anakohoa au dawa zimemkubali? Sisi huku wazima, ila mimi situlii. Barua hii naiandika vipande vipande. Nikimaliza mistari miwili nainuka, nachungulia dirishani, narudi.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kuhusu darasa langu la tano? Ukiwapa insha, wanakupa mistari minne: niliamka, nikaenda, nikarudi, nikalala. Muhula huu nikawaambia tuweke insha kando, tuchore katuni. Visanduku sita, picha na maneno machache. Kila anayeniletea namuuliza swali moja tu: "Kutoka kisanduku hiki mpaka hiki, kulitokea nini?" Mama, watoto walikuna vichwa! Wakafuta, wakapanga upya, wakagombana kipi kitangulie. Walimu wenzangu wakanibatiza Mwalimu Vikaragosi. Nikawaacha wacheke.

Sasa yupo msichana tunayemwita Kimya. Tangu mwaka uanze sijamsikia akimaliza sentensi. Huyo ndiye aliyenitia matatani. Alichora choo cha wasichana, mlango umeng'oka bawaba. Kisanduku cha pili, msichana anakataa maji asubuhi. Cha tatu, anabana miguu kwenye kipindi cha hesabu. Cha nne, anazimia mstarini. Cha tano, mwalimu mkuu anapita akitazama saa yake. Cha sita, kitupu.

Nilijua itazua maneno. Nikaibandika ukutani pamoja na nyingine.

Mwalimu mkuu aliiona Jumatano. Akatuita wote wawili ofisini, karatasi mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna," Kimya akajibu.

"Na hapa mwisho mbona hukuchora?"

"Bado haijatokea, mwalimu."

Nilitaka kumtetea, nikaishia kutazama viatu vyangu. Mwalimu mkuu aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akatuambia turudi darasani.

Ijumaa asubuhi fundi seremala akaja na mlango mpya, na komeo la ndani. Wasichana walipanga foleni kuufunga na kuufungua tu, hawana haja wala nini! Lakini mwalimu mkuu hanisemeshi. Karani ameninong'oneza kwamba mkuu ameiandikia ofisi ya elimu kuhusu "michezo darasani", na wakaguzi wanakuja Alhamisi. Huenda nikahamishwa. Hilo silo linaloninyima raha zaidi. Wewe umefundisha miaka thelathini, niambie ukweli: nilimfundisha mtoto kufikiri, au nilimtanguliza vitani mimi nikajificha nyuma yake?

Nisalimie Baba Mdogo, na wale mapacha, na shemeji mshonaji. Mwambie gauni limenienea sawasawa. Mungu akupe usingizi mzuri na miguu mepesi.

Kabla sijafunga bahasha, sikiliza hili. Ijumaa hiyohiyo, kengele ya kutoka ilipolia, Kimya alinisukumia karatasi tatu mezani akakimbia. Maneno matupu, hakuna picha hata moja. Nilizisoma nimesimama, darasa likiwa limebaki madawati tu. Zinaanza hivi: "Mwalimu, kuna jambo lingine." Kesho namwita tukae wawili, na safari hii atakayekwenda kusema ofisini ni mimi.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Mwalimu wa darasa la tano