Ubavu wa Kulia

Mama,

Nimekaa kwenye kitanda chako na viatu miguuni. Gomba tu, nakusikia.

Tangu ututoke, miezi minne sasa, wapangaji wa jengo letu hapa mtaani Hillbrow wameniteua, bila hata kuniuliza, kuwa fundi wa kugeuza wagonjwa. Siku hizi namgeuza mzee wa Kikongo wa chumba cha jirani. Hageuki mpaka ahakikishe ataiona televisheni. Nikimcheka, ujue nimekukumbuka wewe na ukaidi wako.

Maana kiharusi kilipokulaza, nesi wetu Mrundi aliniagiza nikugeuze kila baada ya saa mbili. Alisema mwili umejaa seli, chembe hai zisizoonekana kwa macho. Mfupa ukizikandamiza kwa ndani na godoro kwa nje, zinapondeka, damu haizifikii, zinakufa kabla ngozi haijaonyesha kitu. Wewe ukakataa katakata ubavu wa kushoto. "Nikipe kibla mgongo? Hata siku moja!" Na mimi, mtoto mtiifu, nikakuacha ubavu wa kulia kutwa. Nyonga ikafanya kidonda. Nililia jikoni, Mama, hukujua.

Wiki tatu tulibishana. Kisha ukaniita. "Kibla hakihami, mwanangu. Hamisha mto." Nikauhamishia kule miguuni mwa kitanda, kichwa chako kikaufuata, nikakulaza kwa ubavu wa kushoto, na uso wako bado ukaelekea kibla. Kumbe ni hivyo tu!

Nesi akatueleza kidonda kinavyojifunga: seli za ukingoni zikiona nafasi husogea na kuzaana, zikishabanana tena huacha. Ukasema, "Basi ni kama Hillbrow. Chumba kikiwa wazi, keshaingia mtu." Nesi alicheka mpaka akakaa chini.

Kidonda kilifunga, lakini kovu lilibaki. Siku ya kukuosha niliogopa kovu lile kuliko nilivyoogopa kukuaga. Nilijua litanisema kwa wanawake wote. Bi Mwanaidi wa Tanga, aliyeongoza kuosha, alipitisha mkono chini ya kitambaa, akafika nyongani, akalipapasa kovu. Nikainamisha kichwa.

"Huyu kauguzwa," akasema, akaendelea kumimina maji.

Sijamwambia mtu, ila neno hilo ndilo linalonipa usingizi.

Nisamehe zile wiki tatu. Nakuahidi, mgonjwa akinikatalia, sitanyamaza kwa heshima wala sitamlazimisha. Nitakaa naye mpaka tupate njia.

Kwaheri, Mama yangu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, usibanwe popote.

Mwanao,
Rehema