Mgeni Asiyeandikwa Kitabuni

Parklands, Nairobi
Alhamisi, 4 Julai 1957

Kwa Tobias wangu,

Na ndiyo maana nasema kitanda kiwe upande wa dirisha, si kando ya mlango kama ulivyopendekeza, kwa sababu nikifungua macho nataka kitu cha kwanza kukiona kiwe maji na cha pili kiwe wewe. Au wewe kwanza. Nitaamua nikifika.

Sasa nikusalimu vizuri kabla hujasema umeoa mwanamke asiye na adabu. U hali gani, mpenzi? Kifua kimetulia na ule ukungu wa asubuhi? Mimi mzima, nakula, nalala, ila nalala upande mmoja tu wa kitanda. Ule mwingine nimeliachia shati lako la kijani. Hii ni wiki ya tisa tangu tutoke kanisani, na ya tatu tangu ofisi ikuhamishie huko ziwani Naivasha kuwa karani wa kambi.

Saa ya chakula nikitoka kazini dukani napita makusudi mbele ya ofisi yenu pale mjini, nisome lile tangazo la dirishani: vibanda sita kando ya ziwa, mashua za makasia, uvuvi, na uwanja wa mahema kwa wapendao hewa. Nasimama pale natabasamu peke yangu mpaka watu wananipisha njia. Barua yako ya viboko nimeisoma mara nne. Huyo Mzungu aliyetoka na taulo tu kuwafukuza kwenye nyasi, akaishia juu ya paa la gari lake, bado ananichekesha nikipima vitambaa. Nilimsomea Mwanasha wa chumba cha pili, mke wa Mabruki, dereva wenu wa lori. Unajua alivyo na maneno ya Mombasa. Akasema, "Mumeo fundi wa kuandika. Mwanamume fundi wa kuandika, shoga, mchunge." Nikamwambia ananionea wivu, akasema wivu wa nini, wake yuko barabarani siku tano kwa wiki naye hupumzika.

Nyumbani Maragoli bado kimya. Baba hajajibu hata barua moja. Mzee wa kanisa la Marafiki, bintiye ameolewa na Mkatoliki wa Samia, ataweka wapi uso? Hilo naweza kulivumilia. La kumkataza Mama asije harusini ndilo lililonikaa rohoni. Kisha nakukumbuka wewe, najisikia vizuri tena.

Uliahidi nikija mwisho wa Julai tutapiga makasia mpaka kwenye mafunjo, Wazungu wakiwa wamelala baada ya chakula cha mchana. Nimeshona gauni la kupandia mashua. La samawati. Usimwambie mtu.

Mkeo, na wa kwako tu,
Rael


Kambi ya Ziwani, Naivasha
Jumamosi, 20 Julai 1957

Mke wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, kifua hakinisumbui. Natumaini na wewe ni mzima, na Mwanasha na jirani wote.

Barua yako nimeipata na imenifurahisha. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Juu ya safari yako, nakuomba uiahirishe kidogo. Vibanda vimejaa wageni na sitakuwa na nafasi ya kukutunza inavyostahili. Nitakuambia wakati mzuri ukifika.

Nina ombi. Mabruki akija wiki hii, mpe lile blanketi zito, chupa ya mafuta ya kukanda, ile yenye harufu kali, na khanga moja, hata kuukuu. Ni kwa matumizi ya hapa.

Maji yamepungua, gati limebaki juu. Jana mgeni alivua samaki mkubwa, akapigwa picha naye, akamrudisha majini. Mpishi wetu alitaka kulia.

Mumeo akupendaye,
Tobias Were


Parklands, Nairobi
Jumatatu, 29 Julai 1957

Mume wangu,

Hujambo? Mimi sijambo wa mwili.

Blanketi, mafuta na khanga nilimpa Mabruki siku ya Jumanne. Khanga niliyochagua haikuwa kuukuu. Ilikuwa ile ya zambarau uliyoninunulia siku tulipotoka kwa kasisi, kwa sababu nilijiambia mume wangu anaona baridi, na akijifunika aone kama ni mimi. Uone nilivyo mjinga.

Jana Mabruki alirudi. Nikamwuliza, "Mume wangu alifurahi?" Akakuna shingo. Nikamwuliza tena. Akasema, "Bi Rael, mimi dereva. Napeleka unga, naleta chupa tupu." Mwanasha alikuwa anachambua mchele pale mlangoni, akamwambia, "Sema, au chakula chako kitapikwa na ukoo wa mamako." Ndipo akasema. Alipofika kushusha mizigo, mlango wa nyumba yako ulikuwa wazi, na ndani aliona mwanamke ameupa mlango mgongo. Alipokuwa anaondoka alimwona tena kwa mbali, upande wa nyuma, amejifunika khanga ya zambarau.

Tobias, sikupiga kelele. Nilicheka hata. Nikasema atakuwa Virginia, mke wa mpishi, ameingia kufagia. Mabruki akasema Virginia anamjua, ni mfupi, tena Virginia mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpokea unga saa hiyo hiyo.

Leo saa ya chakula sikusimama dirishani. Niliingia ofisini kwenu. Nikamwuliza yule karani aliyeshika kiti chako kama naweza kumpatia shangazi wa bibi mwenye duka letu nafasi huko ziwani. Akafungua kitabu, akasema, "Wiki hizi nafasi ni nyingi. Vibanda vitatu havina mtu tangu katikati ya Julai." Wewe uliniandikia vimejaa.

Sitaki kukuwazia mabaya. Najifunga mikono nisiwaze. Niambie ni nani, kwa maneno machache, nami nitayaamini kabla hata sijamaliza kuyasoma.

Mkeo,
Rael


Kambi ya Ziwani, Naivasha
Jumanne, 6 Agosti 1957

Mpenzi wangu Rael,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na moyo mtulivu, ingawa najua la pili ni gumu.

Ni kweli, vibanda havikujaa. Nilikudanganya na nimejuta. Ni kweli pia kuna mtu katika nyumba yangu. Siwezi kukuambia ni nani. Nimeombwa ninyamaze na mtu ambaye siwezi kumkatalia, na nilikubali kabla sijafikiri ingekuwaje kwako. Mimi silali humo. Nalala kwenye banda la mashua, juu ya maturubai.

Sijakukosea kwa jambo lolote la mwili wala la moyo. Nipe wiki chache. Usije kwanza.

Mumeo daima,
Tobias


Parklands, Nairobi
Jumamosi, 10 Agosti 1957

Bwana Were,

Hujambo.

Nimesoma shule mpaka kidato cha pili, na mwalimu wetu alitufundisha kusoma kifungu mara mbili kabla ya kujibu maswali. Nimekisoma chako mara kumi. "Mtu ambaye siwezi kumkatalia." Mimi mkeo umenikatalia kuja mara mbili, kwa barua mbili. Kwa hiyo yuko mtu mmoja duniani asiyekataliwa na Tobias Were, naye si mimi.

Kila anayelala hapo kambini unamwandika kitabuni: jina, atokako, siku alizokaa, ametumia mashua ipi. Huyu umemwandika ukurasa gani? Na hayo mafuta ya kukanda, unamkanda nani?

Mwanasha ananiambia, "Shoga, usiende na mapanga, nenda na macho." Siendi na chochote. Nimemwomba Mabruki aangalie vizuri safari hii, naye ameapa kwa imani yake kwamba hataongeza wala kupunguza. Akirudi na habari ile ile, nitaacha ufunguo kwa Mwanasha na nitapanda treni kwenda Maragoli. Nitapiga magoti mbele ya Baba nimwambie alikuwa sahihi. Unajua ni kitu gani kwangu kusema neno hilo. Afadhali nimeze kaa la moto. Lakini nitalisema, na nikishalisema sirudi tena.

Gauni la samawati nimelifumua. Kitambaa kinafaa mapazia.

Rael


Parklands, Nairobi
Alhamisi, 22 Agosti 1957

Tobias, mume wangu, roho yangu,

Hujambo tena na tena, na banda la mashua halijambo, na mgongo wako juu ya hayo maturubai haujambo? Mimi ni mzima kama kengele ya Jumapili, na nina aibu mpaka kwenye nyayo. Kaa chini usome.

Siku kumi na mbili hukujibu barua yangu. Juzi Mabruki akaleta kikapu cha samaki wa kukaushwa, bila hata karatasi. Mwanasha akawageuzageuza akasema, "Samaki hajui kuomba msamaha. Wamekaushwa vizuri lakini." Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa kamba. Nikamkalisha Mabruki kitini, nikamwambia anieleze yote aliyoyaona, tangu lori liliposimama.

Akasema hivi. "Bi Rael, nimeapa, nitasema. Yule mwanamke hatoki ila mumeo akiwa mbali. Chakula mumeo anakichukua jikoni mwenyewe, anakiweka juu ya ngazi, anakohoa mara mbili, halafu anaondoka karibu anakimbia. Mwanamke ndiyo anafungua. Juzi wakakutana kwenye kona, kwa bahati mbaya. Lahaula! Mwanamke kageukia ukuta, kajifunika khanga mpaka kichwani, na mumeo karuka kwenye majani akapoteza kiatu. Mimi kwetu nimeona watu wa siri wengi, lakini siri ya namna ile, mpaka kuogopana, sijaona. Ile ni dhambi kubwa."

Mwanasha akaguna, "Masikini."

Mimi niliweka kikombe chini. Nikamwuliza, "Mabruki, wewe na mama yake Mwanasha huishije?"

"Bibi mkwe? Tunakaa sote Mombasa nikienda. Hunisongea ugali, hunitukana, mimi humbusu mkono. Kwa nini?"

Ndipo nikacheka, Tobias. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na Mwanasha akadhani akili imeondoka, akatafuta maji ya kunimwagia. Mtu wa Mombasa angejuaje? Hajawahi kuona mwanamume akiingia kichakani kwa heshima. Kwetu sisi, kwenu na kwetu, kuna mwanamke mmoja tu ambaye mwanamume humpa nyumba yake kisha yeye akalale nje, asile naye, asimtazame usoni, akohoe kabla ya kukata kona. Nikamwuliza Mabruki kama aliuona mkono wake wa kushoto. Akasema aliuona akipokea chakula: una kovu la moto kutoka kifundo mpaka kiwiko. Kovu hilo alilipata akininyakua mimi jikoni nilipokuwa na miaka miwili.

Mama yangu yuko ziwani. Mama yangu amevaa khanga yangu ya harusi.

Sasa nikuungamie, maana kosa ni langu. Mwezi wa Juni nilimwandikia Mama kupitia kwa mwalimu wa shule, Baba asijue. Sikumwambia kwamba mumewe binti yake yuko mbali na kwamba mimi nakaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mhindi. Nilitaka asikie vizuri. Nikaandika, "Nyumba yetu iko kando ya ziwa, tunaamka tukitazama maji, njoo utuone," na juu nikaweka anwani ya kambi. Kwa hiyo alipoamua hatimaye kumkaidi Baba, alipanda treni stesheni ya Luanda, karibu na kwetu, na kushuka Naivasha. Akamkuta mkwewe peke yake. Mguu wake ule wa kuvimba lazima ulimkataa njiani, ndiyo maana ukaomba mafuta. Na namjua: alimtuma Virginia akuambie usiniandikie kwamba yuko hapo, kwa sababu alijua ningekuja mbio na ningemwandikia Baba barua ya ukali, naye alitaka kupona kwanza, aje kwangu akitembea kwa miguu yake. Lilikuwa ombi la kwanza la mama mkwe. Nani wa kwetu angelikataa? Nikakuandikia "Bwana Were", nawe ukameza, ukanitumia samaki.

Naungama na hili: hata sasa, nikiwa nimefurahi hivi, nashtuka jinsi nilivyokuwa mwepesi wa kushuku. Karibu wiki nne nimekuchunguza kama askari wa stesheni. Nilihesabu vibanda vitupu. Nilinusa lile shati la kijani. Usiniambie si kitu. Nikifika usinisamehe haraka; niache nikae karibu nawe siku mbili tatu, nione uso wako tu, nijifunze upya.

Usimwambie Mama chochote. Huwezi hata hivyo. Mpe Virginia barua hii amsomee, kuanzia pale penye kovu, asisome ile sehemu ya Mabruki kukuona ukiruka. Amwambie binti yake hana hasira wala haandiki barua kwa mtu yeyote Maragoli. Amwambie pia ukweli kuhusu chumba cha Parklands, kwamba ni kidogo lakini kinaingia jua asubuhi, na mguu ukipona nitamleta akione.

Bibi wa dukani amenipa ruhusa ya siku tatu. Mabruki anapakia mizigo yenu asubuhi ya Ijumaa, tarehe thelathini, na amesema nitakaa mbele, Mwanasha asinune. Nitalala na Mama ndani ya nyumba. Wewe utabaki bandani kwako, na saa ya mchana Wazungu wakilala nitakufuata huko kwenye mashua. Niwekee makasia tayari, Tobias. Mwezi huu hauishi kabla sijafika.

Mkeo,
Rael