Uzi Alioukata Dattaram

Mtaa wa Shukrawar,
Kolhapur.
8 Agosti 1936

Mpendwa Mjomba Sakharam,

Shikamoo, nami naigusa miguu yako kwa mbali. Goti linaendeleaje na mvua hizi huko Indore? Na Mama Godavari, kikohozi kimemwachia? Hapa tu wazima, isipokuwa mmoja, na ndiye anayenifanya niandike.

Ni mdogo wangu Dattaram. Ulimfundisha kuimba miaka kumi na mmoja. Studio ya filamu imekaa naye miezi mitano tu. Mwezi wa Machi alikuwa akianzia nyimbo zake kwenye sauti ya kitufe cheusi cha tatu cha kinanda. Nimehesabu mwenyewe: leo anaanzia vitufe vinne chini. Mpiga kinanda humshushia kimyakimya, na wote pale wanajifanya hawasikii.

Wimbo mmoja huurudia hata mara ishirini na tatu chini ya taa za moto, maana anaimba huku anaigiza, na mwenzake akikosea hatua wanaanza upya. Nilipolalamika, mwongozaji alinicheka mbele ya watu: "Mama Unga, kasage mtama wako! Sura yake ndiyo inayojaza ukumbi. Koo tutalifunika kwa fidla."

Lililoniuma zaidi ni hili. Ule uzi mwekundu uliomfunga mkononi siku ulipompokea kuwa mwanafunzi, ameukata. Eti anaigiza mfalme, na kamera inauona. Nikamuuliza, "Mjomba utamwambia nini?"

"Dada, usimwandikie. Uzi tu huo." Akauficha mkono ndani ya shali.

Jana alfajiri nilisikia tambura yake ya nyuzi chumbani. Nikangoja sauti. Nikapepeta debe zima la mtama, nyuzi bado zinalia peke yake. Nilipochungulia, alikuwa ameketi wima, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna kinachotoka. Aliponiona akatabasamu, akaendelea kupiga nyuzi.

Jumapili tarehe 16 wanarekodi wimbo wa mwisho, wenye sauti ya juu kuliko zote. Mimi nimemlea kwa jasho la mashine yangu ya kusaga, lakini hanisikii. Wewe ukimwambia nyamaza, atanyamaza. Panda treni ya Alhamisi. Usijibu kwa barua, haitawahi.

Kila asubuhi huniomba nimchemshie tangawizi ya koo. Leo hakuomba.

Nisalimie Mama Godavari, na binamu zangu Tulsidas na Manjula. Mungu wetu Vithoba akulinde njiani.

Mpwa wako akupendaye na anayekungoja,
Chandrabhaga