Perlaiti na Chungu cha Mama

Mke mwenzangu Zuhura,

Sisi huku Nambilanje wazima. Mume wetu, babu yako, kikohozi kimemwachia, ameanza kupalilia mikorosho.

Umeuliza kama perlaiti mnayochanganya na udongo hapo chuoni, yale mawe meupe yaliyookwa mpaka yakawa mepesi, yatatufaa wakulima wa huku. Nikuambie nilichokiona.

Nikiwa msichana nilishindilia udongo kwenye makopo ya miche ya mikorosho ili maji yasikimbie. Kisima kilikuwa mbali, nami nilimwagilia kila siku. Mizizi ikaoza, miche yote ikafa. Mama hakunifokea. Alichukua chungu chetu kilichovunjika, akakiponda, akachanganya vigae na udongo, tukapanda upya.

"Udongo nao unapumua," alisema.

Vigae vilishika maji, nikawa namwagilia siku moja, napumzika mbili. Miche ilipohamia shambani, mama alichekecha udongo uliobaki, akaviosha vigae, akavitumia tena.

Basi yalete hayo mawe tuyajaribu. Ila kama yanatoka mbali na yameokwa kwa moto mkali, usiyatupe baada ya msimu mmoja. Mama hayupo, chungu chake kilivunjika zamani, lakini mpaka leo kinanishikia maji.

Bibi yako,
Somoe