Dainamo ya Moto na Mdomo wa Shemeji

Igogo, Jumamosi, Novemba. Mvua ya usiku imeacha tope uani, na jua limetoka kali kana kwamba halikuiona. Nimeamka na hasira na naona nitalala nayo. Naandika ili nisimtukane mtu.

Maulidi sitaki kumwona.

Maulidi ni mdogo wake marehemu mume wangu. Hamisi alipofariki kwa homa mwaka jana, alituachia lori kuukuu linalobeba marobota ya pamba kutoka Igoma hadi bandarini. Baba mkwe wangu, Mzee Ramadhani, alisema lori ni la wajukuu zake. Mimi nilitunze, Maulidi aliendeshe. Basi lori likawa linalala uani kwangu, na ufunguo chini ya mto wangu.

Halafu betri ikaanza kufa. Jioni lori linarudi zima, asubuhi halitoi hata mlio. Maulidi anazungusha hendeli mpaka shati linaloa, huku akinuna kama mimi ndiye niliyelitengeneza kiwandani. Kwanza alisema betri imechoka. Tukaazima nyingine, nayo ikafa. Kisha akasema watoto wangu wanachezea taa. Nikaangalia swichi mbele yake, taa zimezimwa. Akasonya tu.

Wiki iliyopita, alfajiri, akaingiza mkono chini ya boneti akautoa haraka.

"Ya moto!" akapaza sauti. "Dainamo ya moto! Hili lori limetoka usiku."

"Litoke liende wapi? Ufunguo ninao mimi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, shemeji. Ni mwanamume gani unayempa lori la kaka yangu?"

Alisema kwa sauti ya kuwafikia majirani. Nilisimama pale na kanga yangu mabegani. Nilitamani nipate neno moja tu la kumchoma. Sikulipata. Nimelipata baadaye, na mengine mengi juu yake.

Nia yake naijua. Tangu eda yangu iishe anataka lori likalale kwake Pasiansi. Likishalala kwake litaamkia kwake, na siku moja wanangu wataambiwa halikuwa la baba yao.

Kufika adhuhuri alikuwa amelisema penye kahawa, na Igogo nzima ilikuwa imeshaambiwa. Bombani wanawake waliokuwa wakiniuliza habari za watoto sasa wananiuliza habari tu, halafu wanatazama ndoo zao. Na yeye jioni anakaa penye kahawa akieleza watu jinsi Uhuru utakavyokuja mwezi ujao na kila mtu atajitawala. Kila mtu, isipokuwa mjane wa kaka yake.

Nikampelekea Mzee Ramadhani ufunguo na hendeli. Nikamwambia, "Baba, kaa navyo wewe, tuone nani analitoa."

Kesho yake akaja navyo mwenyewe pamoja na Maulidi. Betri imekufa. Dainamo ina joto.

"Ana ufunguo wa pili," Maulidi akasema, bila hata kufikiri.

Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha. Nikawaonyesha tope kuzunguka matairi. Lilikuwa laini kabisa, halina alama ila nyayo za kuku. Mzee aliinama kutazama. Maulidi akapita juu ya lile tope kwa viatu vyake, akalivuruga, akasema hafundishwi mambo ya gari na mwanamke.

Pale ndipo nilipoacha kuogopa.

Nilimshikia Hamisi tochi mara nyingi sana alipokuwa akitengeneza lori hili. Walipoondoka nikafungua boneti mwenyewe. Nikagusa injini, baridi kama mtungi. Nikagusa rejeta, baridi. Nikagusa dainamo, ndiyo peke yake iliyokuwa na joto. Sasa ni safari gani hiyo ya kupasha moto dainamo na kuiacha injini baridi? Nilicheka peke yangu pale uani, kicheko kisicho na furaha. Nikavaa baibui nikaenda Igoma kumtafuta Fundi Petro, ambaye Hamisi alimwamini.

Alikuja na betri yake. Akaangalia mkanda wa feni, umekaza vizuri. Akawasha injini kwa ufunguo niliouomba kwa Mzee, akachomoa nyaya za dainamo na kuijaribu kwa balbu. Balbu ikawaka vizuri, kwa hiyo dainamo ni nzima. Ndipo alipofungua kile kisanduku cheusi ambacho mafundi hukiita katauti. Akaniita nitazame.

"Mama, hiki ni kama mlango," akaniambia. "Injini ikiunguruma, mlango unafunguka, umeme unakwenda kwenye betri. Injini ikizimwa, mlango unajifunga ili umeme usirudi. Sasa ona platini hizi, vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana. Zimeungua zikashikana. Mlango uko wazi saa zote. Usiku kucha betri inamwaga umeme wake ndani ya dainamo. Betri inakufa, dainamo inapata moto."

Akagonga kidogo saa ya chaji iliyo mbele ya kiti cha dereva, inayoonyesha umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Mshale haukutikisika. Ingekuwa nzima, alisema, ingeonyesha ugonjwa huu siku ya kwanza. Na nani anakaa mbele ya saa hiyo kila siku? Maulidi. Saa imekufa muda mrefu na hajawahi kuniambia.

Fundi akataka kutengeneza palepale. Nikamzuia. Nikamwomba achukue betri yetu akaichaji, aje nayo leo.

Leo niliwaita wote wawili. Mzee aliketi kitini, ufunguo na hendeli mapajani. Maulidi alisimama kando ya lori, mikono kifuani. Fundi Petro alipogusisha waya kwenye betri, cheche kubwa ikaruka.

"Hakuna kilichowashwa," fundi akasema, "lakini mmeona umeme unavyokimbilia ndani."

Akafunga waya. Tukakaa. Nikamimina chai, kwa Mzee na kwa fundi. Maulidi sikumpa, na alijua kwamba sikusahau. Tulipomaliza vikombe Mzee akainuka, akaweka kiganja juu ya dainamo. Ilikuwa ya moto.

"Maulidi, njoo uweke mkono."

"Baba, huyu fundi kahongwa."

"Nimekwambia weka mkono."

Hakuweka. Alitazama ukuta. Katika yote aliyonitenda, nafikiri hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Alikuwa na ushahidi hatua moja mbele yake na akaona afadhali asiuguse.

Fundi akatoa katauti iliyoungua, akafunga nyingine aliyoitoa kwenye lori bovu la aina hiyohiyo karakanani kwake. Akagusisha tena waya kwenye betri. Hapakuwa na cheche. Mzee akampa ufunguo, injini ikawaka mara moja, na kila fundi alipoongeza mafuta taa za mbele zilizidi kung'aa mchana kweupe.

"Basi, yamekwisha," Maulidi akasema.

Nikamwambia, "Kwako yamekwisha. Neno lile ulilisema penye kahawa kwa sauti kubwa. Nenda kalifute palepale, kwa sauti ileile. Ukishafanya hivyo ndipo tutaongea habari za usukani."

Akasema hawezi kujidhalilisha mbele ya wanaume wenzake. Mzee akanitazama kwa macho ya kuomba. "Mwanangu, huyu ni damu yetu." Namheshimu Mzee, na nilimjibu nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini nilimjibu: "Baba, na mimi mwanangu ni damu yenu. Ameshaanza kuulizwa na wenzake mama yake hutoka na nani."

Mzee akauchukua ufunguo kwa fundi. Akanipa mimi. Maulidi aliondoka bila kuaga. Jumatatu anakuja dereva mwingine, mtu wa Fundi Petro.

Jioni hii mke wake, Mama Hadija, akaja na sahani ya sato wa kukaanga. Maulidi ndiye aliyemtuma. Samaki badala ya kulifuta neno lake. Nikamrudishia sahani na kawa lake, nikasema sili msamaha wa kutumwa.

Mama Hadija hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti, akafunua kawa.

"Nimekaanga mimi, si yeye," akasema. "Tumle. Nitamwambia umekataa."

Tukamla wote, mpaka kichwa. Alikuwa mtamu kweli.

Maulidi sijamsamehe.