Vikombe vya Safari ya Kampala

Mjukuu wangu Salim,

Hapa Majengo sote tu wazima, na dada yako amejifungua msichana. Umeniuliza babu yako alipangaje safari za lori, maana tajiri wako huko ugenini anakuhimiza uendeshe bila kulala.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya kwenda Kampala, alinipangia vikombe vya kahawa mkekani: Nakuru, Eldoret, Tororo. Kila kikombe kilikuwa mahali pa kulala. Hakugusa usukani kabla vibali vyote havijatimia. Tajiri wake alipotaka kikombe kimoja kiondolewe, babu alimmiminia kahawa katika hicho hicho, akamwambia taratibu, “Gari ni lako, tajiri. Usingizi ni wangu.”

Akishaondoka, kila magharibi nilifudikiza kikombe kimoja, nikajua amefika wapi. Akianza kurudi, nilivifunua vile vile kimoja kimoja; vikiisha, nilianza kusikiliza mlango.

Jana nimevitoa tena. Umenitajia miji miwili tu, na kati yake mwendo wa mchana na usiku kucha. Nimeweka kikombe hapo katikati. Niandikie kinaitwa mji gani, nami nipate kulala.

Nyanya yako,
Zuhura